Moto wa Mwili na Rovu la Idjwi

Sisi tukaao Miti, chini ya mlima Kahuzi, twaijua baridi ya alfajiri. Mmoja huenda shambani na koti, mwenziwe hutetemeka. Lakini ukipima joto lililo ndani ya miili yao, utakuta kwa wote wawili karibu digrii 37. Nani alindaye moto huo? Swali hilo ni la zamani, na sisi watu wa Kivu tuna sehemu katika jibu lake.

Katika Ugiriki ya kale, Aristoteles alifundisha kwamba moto wa mwili watoka moyoni, na kazi ya ubongo ni kuupoza. Katika miaka ya 1780, Wafaransa Lavoisier na Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka. Wakatambua kwamba ndani ya mnyama apumuaye kuna kitu kinachoungua polepole, kama mkaa. Basi chanzo cha moto kilijulikana, lakini msimamizi wake bado. Mwaka 1885, huko Berlin, Aronsohn na Sachs walichoma sindano katika ubongo wa sungura, na joto la mwili wake likapanda. Waliowafuata walionyesha kwamba msimamizi ni sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo hipothalamasi.

Sehemu hiyo hupima joto la damu na kupokea habari za ngozi. Joto likizidi, huagiza jasho. Baridi ikiingia, huibana mishipa ya damu ya ngozi na kuiamuru misuli itetemeke. Tena ina njia ya polepole: huituma tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huihimiza tezi ya shingoni itoe homoni ya kuchochea moto wa mwili wote.

Lakini tezi ya shingoni haiwezi kuitengeneza homoni hiyo bila iodini, ambayo Watanzania huiita madini joto. Ikikosekana, amri zazidi kuja, tezi yajitahidi bure, nayo yavimba. Hilo ndilo rovu.

Katika miaka ya 1960, madaktari Delange, Thilly na Ermans walilichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi, kazi iliyohusiana na kituo cha Lwiro, jirani yetu, cha taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947. Waliona jambo la ajabu: iodini ilipungua kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa haba. Uchunguzi uliofuata ulionyesha sababu ya pili: mihogo isiyoandaliwa vema, ambayo sumu yake huizuia tezi kuipokea iodini. Mafundisho hayo ya Idjwi yalisomwa duniani kote.

Basi tusimcheke mwenye rovu. Huenda akaona baridi wenzake wakiwa wamestarehe, akachoka upesi, akaitwa mvivu. Kumbe moto wake umepungua kuni. Na mama mjamzito akikosa iodini sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili na mwili uliodumaa, wala hapana dawa ya kuyarudisha yaliyopotea.

Kinga yenyewe ni rahisi: chumvi yenye iodini jikoni, na mihogo iliyolowekwa siku kadhaa, kisha ikaanikwa juani hata ikauke kabisa.