Neno Lililobaki Kisiwani

Jioni ya tarehe 4 Februari 1840, mmisionari Henry Williams alikabidhiwa rasimu ya mkataba iliyoandikwa kwa Kiingereza, akatakiwa aigeuze Kimaori kabla ya asubuhi. Kesho yake machifu wa kaskazini mwa New Zealand wangekusanyika Waitangi kuusikiliza. Alikaa na mwanawe Edward, wakafasiri usiku ule ule.

Rasimu ilitaka machifu wamkabidhi Malkia Victoria enzi yote juu ya nchi yao. Williams akaandika kawanatanga. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: kawana ni gavana aliyepita katika ulimi wa Kimaori, na kawanatanga ni ugavana. Kifungu cha pili kikawaachia machifu tino rangatiratanga, yaani uchifu wao kamili, juu ya ardhi, makazi na kila walichokithamini. Aliyesikiliza kwa Kimaori alielewa kwamba anamkaribisha gavana. Aliyesoma kwa Kiingereza alielewa kwamba amepewa visiwa.

Je, Williams alikosa neno? Miaka mitano nyuma machifu wa kaskazini walitoa tamko la uhuru wao, na katika maandishi ya Kimaori, ambayo Williams huyo huyo aliyafasiri, enzi ya nchi iliitwa kingitanga na mana. Neno alikuwa nalo. Lakini nani angesimama mbele ya wazee awaombe watie alama ya kutoa mana yao? Wanaomtetea husema muda ulikuwa mchache. Mimi naona ulitosha kabisa kulikwepa neno lile.

Siku nzima ya tarehe 5 ilikwisha kwa hotuba. Wako waliomwambia Kapteni William Hobson, mjumbe wa Malkia, arudi kwao. Tarehe 6 saini zikaanza, Hone Heke akitangulia, kisha nakala zikazungushwa nchini hadi zaidi ya watu 500 wakawa wametia majina au alama. Waliotia kwenye nakala ya Kiingereza hawakufika 40. Hobson hata hivyo hakungoja mzunguko uishe. Mwezi Mei alitangaza enzi ya Uingereza: Kisiwa cha Kaskazini kwa hoja kwamba kimetolewa na wenyewe, cha Kusini kwa hoja kwamba Waingereza walikigundua. Visiwa viwili jirani, hoja mbili, na Wafaransa walikuwa baharini wakielekea Akaroa, katika kile cha Kusini.

Kaitaia, chifu Nopera Panakareao aliueleza mkataba kwa mfano: kivuli cha nchi kinakwenda kwa Malkia, nchi yenyewe inabaki kwetu. Baada ya mwaka mmoja hivi aliupindua mfano wake mwenyewe. Kilichobaki, alisema, ni kivuli.

Sasa tuje kwetu. Mkataba wa Berlin wa tarehe 1 Julai 1890 ndio tuliousoma shuleni kwa jina la Helgoland na Zanzibar, na kwa kawaida tunafundishwa kuucheka: Wajerumani wamepewa jiwe la Bahari ya Kaskazini, Waingereza wamepata Unguja na Pemba. Kichekesho hicho kimetufanya tusivisome vifungu vyenyewe. Wakazi wa Helgoland, watu wapatao 2,000, waliandikiwa mengi. Anayetaka kubaki raia wa Uingereza alipewa hadi tarehe 1 Januari 1892 kuamua. Waliokwisha kuzaliwa hawatalazimishwa kuingia jeshini. Ushuru wa forodha hautapandishwa kabla ya 1910. Sheria na desturi zao ziachwe kadiri inavyowezekana. Hawakuulizwa kama wanataka kuhama dola, na Malkia Victoria mwenyewe alimlalamikia waziri mkuu wake, Salisbury, kuhusu kugawa watu namna hiyo. Walau karatasi ilikumbuka kwamba kisiwani kuna watu.

Mafia haikubahatika. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wameitaja, pamoja na Unguja na Pemba, kuwa kisiwa cha Sultani wa Zanzibar bila ubishi. Miaka minne baadaye, katika kifungu cha 11, Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake Sultani aiachie Ujerumani mwambao wa bara na Mafia juu yake. Sultani Ali bin Said, aliyekalia kiti tangu Februari tu, akalipwa marki milioni 4. Mtu wa Kilindoni au Chole hakupewa hata tarehe ya mwisho ya kuamua. Ndani ya karatasi ile hakuna neno lake hata moja, si la kweli wala la makosa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouita mkataba wa Waitangi udanganyifu na kuishia hapo. Udanganyifu ulikuwepo, lakini ulilazimika kupita katika lugha ya wanaodanganywa, na lugha ile ikabaki na nakala yake. Mwaka 1877 Jaji Mkuu Prendergast aliuita mkataba huo kitu batili, na kwa karibu karne nzima maneno ya Kimaori hayakuwa na uzito mahakamani. Hayakufutika. Mwaka 1975 likaundwa Baraza la Waitangi la kuchunguza madai ya Wamaori, na mwaka 2014 baraza hilo likasema machifu waliotia saini Februari 1840 hawakutoa enzi yao. Serikali haikubadili msimamo wake, lakini hoja imesimama juu ya neno walilolisikia wazee wenyewe. Mzee wa Mafia angesimama juu ya neno gani? Mkataba wake uliandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani.

Kiswahili nacho kimehifadhi kitu, ingawa nje ya mkataba. Novemba 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na himaya kwa asili ni ulinzi, hifadhi. Mwenye nguvu anamkinga mnyonge. Mazrui wa Mombasa waliielewa hivyo walipopandisha bendera ya Kiingereza mwaka 1824 ili kumzuia Seyyid Said wa Omani, na Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza akawakubalia. London ilikataa, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Leo mtu akiandika himaya ya Kirumi anakusudia dola linalotawala wengine. Sijui neno jingine la Kiswahili lililosafiri umbali huo bila kubadilisha hata herufi.

Maore, kisiwa cha funguvisiwa la Komoro, inakaa kati ya mifano hii miwili, wa Waitangi na wa Mafia, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Aliyeitoa kwa Ufaransa, kwa mkataba wa tarehe 25 Aprili 1841 na Kapteni Passot, alikuwa Andriantsoly, mfalme Msakalava kutoka Madagaska. Alipata faranga 5,000 kwa mwaka na ahadi ya kusomeshewa watoto wake Bourbon, kisiwa tunachokiita leo Réunion. Kule Waitangi wanabishania neno. Hapa hakuna anayebisha nini kilitolewa. Ubishi ni kama mtoaji alikuwa nacho cha kutoa. Masultani wa kisiwa jirani cha Nzuani walikuwa wakidai kwamba Maore ni yao. Ufaransa inahesabu kuanzia 1841, miaka 45 kabla ya kuvitia Ngazija, Mwali na Nzuani chini ya himaya yake, kwa hiyo kwake Maore ina historia yake peke yake. Komoro inahesabu visiwa vinne, nchi moja, na Umoja wa Mataifa uliikubalia hivyo mwaka 1976. Wamaore wenyewe wamepiga kura zaidi ya mara moja kubaki na Ufaransa, na tangu 2011 kisiwa chao ni mkoa kamili wa nchi hiyo. Anayependa majibu mepesi aikwepe Maore.

Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuingia Maore. Kutoka Nzuani ni kilomita 70 hivi, na wengi huzivuka usiku kwa viboti vya kwasa-kwasa kwenda kwa ndugu zao, wengine wasifike. Andriantsoly aliingia Maore mwaka 1832 kwa chombo, akikimbia vita kwao, na sultani wa kisiwa akampokea.