Mbegu, baraka na bahati ya shamba: mila za mavuno mema katika Walungu

Mvua ya kwanza ya mwezi wa 9 ikianguka, mu Walungu hakuna tena mtu wa kukaa bure nyumbani. Majembe yanatoka, mama anashusha mbegu ya maharagi iliyokaa juu ya moshi wa jiko tangu mavuno ya mwezi wa 6, na hapo hapo maulizo yanaanza kuingia ku redio. Mmoja anauliza kama ni kweli kwamba mtu akipanda na hasira, maharagi hayatoi. Mwingine anataka kujua kama mkristo anaweza kupeleka mbegu yake kwa mupfumu. Wa tatu, huyu ndiye anatutia wasiwasi, anasema jirani yake "anavuta" mavuno ya wengine usiku na kuyaingiza katika shamba lake.

Maulizo hayo matatu yanafanana, lakini si kitu kimoja. Kwa hiyo tumekusanya hapa yale yanayojulikana juu ya mila za baraka, bahati na mavuno katika Bushi, hasa katika teritware ya Walungu yenye sheferi mbili, Ngweshe na Kaziba.

Tuanze na maneno, sababu ugomvi mwingi unatoka pale. Kwa Bashi wa zamani baraka ilishuka: ilitoka kwa Nyamuzinda, Mungu mkuu, ikapitia kwa bazimu, yaani wazee wa ukoo waliokufa, ikafika kwa baba wa nyumba, kisha shambani na zizini. Mupfumu alikuwa mtu wa kutibu na kuagua, wa kueleza kwa nini baraka imekatika. Mulozi ni mwingine kabisa: huyo ni mtu anayeharibu kwa siri. Siku hizi watu wanawachanganya wote ndani ya neno moja, uchawi, na mzee aliyemwaga kasiksi kidogo chini kwa ajili ya baba yake marehemu anaweza kujikuta ameitwa mulozi na wajukuu wake mwenyewe.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa la Mwami. Katika Bushi, Mwami hakuwa tu mkubwa wa kukata maneno na kugawa udongo. Mwili wake wenyewe ulihesabiwa kuwa kitu kimoja na nchi: akiwa mzima, mvua inafika kwa wakati, ng'ombe zinazaa, mtama unajaa. Njaa ikidumu, watu walianza kuuliza mambo juu ya kiti chake. Kila mwaka kulikuwa na sherehe inayoitwa mubande, sherehe ya Mwami iliyofungamana na mbegu ya mtama na mwanzo wa mwaka mpya wa kilimo. Watu walioshika siri za sherehe hiyo na za kumsimika Mwami ni bajinji. Hao hawakuwa waganga wa sokoni. Kazi yao ilirithiwa ndani ya koo zao, na bila wao Mwami hakuweza kufanya kitu.

Mbona mtama, wakati leo tunakula muhogo, mahindi na viazi? Sababu mimea hiyo mitatu ni wageni, ilitoka Amerika. Mtama ulikuwa hapa mbele, pamoja na ulezi, na ndio uliotoa unga na pombe ya kupokea wageni. Hata leo shamba la muhogo halina sherehe yake ya kifalme, ingawa muhogo ndio unatushibisha.

Majirani wetu wana sherehe za ukoo huo huo. Burundi kuna umuganuro, iliyokuwa ya kufungua upandaji wa mtama karibu na mwezi wa 12. Rwanda kuna umuganura, ya kuonja mavuno mapya. Wabelgiji waliikataza ile ya Rwanda mwaka 1925 na kumfukuza Gashamura, mkubwa wa watunza siri wake, mpaka Burundi. Leo imerudi kama sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa 8. Na hapa hapa Kivu, juu ya kisiwa cha Ijwi, Bahavu walikuwa na muganuro wao. Mwanahistoria David Newbury, aliyeishi na watu wa Ijwi miaka ya 1970, aliieleza kwa urefu ndani ya kitabu chake Kings and Clans cha mwaka 1991. Alichoona ni kwamba kila ukoo ulikuwa na kazi yake ndani ya sherehe. Huu anakuja na kitu hiki, ule anafanya kile, na ukoo mmoja ukikosekana kazi inakwama. Kumbe sherehe ya mbegu ilikuwa pia njia ya kila ukoo kusema: sisi pia ni wa nchi hii, bila sisi mfalme hapandi.

Tena kulikuwa na faida ya shamba ndani yake, ambayo wazungu wa wakati ule hawakuitazama sana. Mlima mzima ukingoja ishara moja ndipo upande, mtama wote unakomaa karibu siku moja. Mwenye kupanda peke yake mapema analisha ndege wa mlima mzima. Waliopanda pamoja wanagawana hasara hiyo, na watoto wa kufukuza ndege wanakuwa shambani wakati mmoja. Vilevile katazo la kugusa mavuno mapya kabla mkubwa hajaonja lilizuia njaa ya mwezi mmoja isile mavuno ambayo hayajakomaa.

Nyumbani, mambo yalikuwa madogo na ya kila siku. Malimbuko yalionjwa kwanza na baba au bibi wa nyumba. Kidogo kiliwekwa pembeni kwa ajili ya bazimu, ndani ya kibanda kidogo kilichojengwa nyuma ya nyumba, na kasiksi ilimwagwa chini kabla ya kikombe kuzunguka. Kisha kuna ile habari ya mukono. Watu wanasema fulani "iko na mukono muzuri", na majirani wanamwita afungue shamba kwa kupanda tundu za kwanza. Kwetu bibi ndiye alikuwa na mukono huo, na hakuna aliyethubutu kuanza bila yeye hata goti likimuuma. Nikifikiri leo, bibi huyo ndiye pia aliyechagua mbegu, moja moja, juu ya lungo, akitupa zilizotobolewa na wadudu. Sijui mukono ulifanya kazi gani, lakini macho yake yalifanya nyingi.

Pembeni ya dini ya ukoo kulikuwa na Lyangombe. Hadithi yake inajulikana Rwanda, Burundi na Bushi: mwindaji mkubwa aliyeuawa na nyati, ambaye baada ya kifo chake watu waliingizwa katika kundi lake kwa siri, wakubwa na wadogo bila kutazama ukoo. Waliomtafuta Lyangombe walitaka uzazi, afya, ng'ombe na bahati ya safari. Mapadri Weupe walipofungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906, walimhesabu Lyangombe kuwa adui wao wa kwanza, na watoto wa shule walifundishwa kumcheka. Hakufa mara moja. Alihamia usiku.

Na utajiri? Kwa Mushi wa zamani utajiri uliitwa ng'ombe. Kupata udongo wa kulima, ulimpelekea mkubwa wa udongo kalinzi, mara nyingi ng'ombe, na kalinzi hiyo ikakufunga naye wewe na watoto wako. Kupata ng'ombe bila kununua, uliingia katika bugabire: mtu anakupa ng'ombe, unamtumikia na kumheshimu. Kwa hiyo "kuwa na bahati" kulimaanisha kuwa na watu: mkwe mzuri, mkubwa anayekukumbuka, jirani anayekuazima dume. Vita vya miaka ya 1990 na 2000 vilikata kamba hiyo. Watu wa Kaniola wanakumbuka miaka ya kulala porini kwa kuogopa wenye silaha waliotoka msituni, na zizi zilizoachwa wazi asubuhi. Ng'ombe zikiisha, bahati inatafutwa penye pesa.

Ndiyo maana leo dawa ya bahati inauzwa zaidi sokoni na ku machimbo kuliko shambani. Siku ya soko la Mugogo utasikia habari za unga wa kuweka chini ya mizani, maji ya kunyunyiza mbele ya meza asubuhi, pete ya kuvuta wateja. Ku Mukungwe, kwenye dhahabu, wachimbaji wengine hawaingii shimoni kabla mtu hajaagua, na wanawake wanakatazwa kukaribia mdomo wa shimo eti dhahabu itakimbia. Tunaandika "eti" makusudi. Katazo hilo lina faida kwa mtu fulani: anayekatazwa shimo anabaki kusafisha mchanga kwa malipo madogo. Na mwenye kuagua analipwa mbele, wakati mchimbaji na hata PDG wake wanalipwa nyuma, kama mshipa wa dhahabu umeonekana. Si lazima kujua siri za mizimu ili kuona nani hapa hapati hasara.

Turudi kwa msikilizaji wa tatu, yule wa jirani anayevuta mavuno.

Wazo hili liko katika sehemu nyingi za maziwa makubwa, na lina akili yake mbaya: kama baraka ni kitu kinachogawanywa, basi aliyepata sana amechukua fungu la mwingine. Zamani shauri kama hilo lilipitia kwa wazee, na kabla ya kutaja jina walisikiliza pande mbili. Leo jina linatajwa haraka. Mwezi wa 9 mwaka 2021, ndani ya mwezi mmoja, wanawake 8 waliuawa katika jimbo letu la Kivu Kusini, wakishtakiwa ulozi, baada ya watu wanaojiita watabiri, bajakazi, kupita vijijini wakionyesha watu kwa kidole. Tazama ni nani anayeonyeshwa: mara nyingi mama mzee, mjane, mwenye kipande cha udongo ambacho kuna mtu anakitamani. Kwa watoto sheria iko wazi: sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto ulozi kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 pamoja na faini. Kwa mama mzee, kumpiga ni kosa, kumchoma ni kuua, hata kama kijiji kizima kilikuwa pale.

Mambo matatu yanayoleta mashtaka kwa wingi kwetu yana maelezo, na tunayatoa hapa bila kuzunguka.

Radi. Wengi wanaamini inatumwa. Mwaka 2016 wataalamu walitoa orodha ya sehemu za dunia zenye radi nyingi, kutokana na vipimo vya setilaiti vya miaka 16. Kabare, jirani yetu wa karibu, ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu: karibu radi 205 kwa kilomita mraba moja kila mwaka. Kwa hesabu kama hiyo, kila kijiji kitakuwa na mti uliopasuka, na kila mti uliopasuka uko karibu na mtu aliyegombana na mtu.

Migomba. Jani linageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia, shina linatoa usaha wa njano. Huo ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 kabla ya kushuka kwetu. Panga inaubeba. Kwa hiyo jirani aliyekuja kukusaidia kukata anaweza kweli kukuletea ugonjwa, bila ulozi na bila kujua. Pitisha panga ku moto au mu maji ya javeli kabla ya kuhamia mgomba mwingine, toa ua la chini kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na mgomba mgonjwa uondolewe.

Muhogo. Majani yakijikunja na kuwa na madoa ya njano, ni virusi vinavyobebwa na nzi weupe wadogo, tena vinavyosafiri ndani ya fimbo tunazoazimana. Shamba la jirani likibaki kijani wakati lako linajikunja, muulize alitoa wapi fimbo zake. Anaweza kuwa na aina inayovumilia, na kituo cha INERA kule Mulungu kimefanya kazi hiyo miaka mingi.

Kuna pia udongo wenyewe. Milima ya Ngweshe ina watu wengi, mashamba yamegawanywa mara tatu mara nne, na tangu Comité National du Kivu ya mwaka 1928 ardhi nyingi nzuri ya Kivu ilikwenda kwenye mashamba makubwa ya wakoloni. Ng'ombe zimepungua, samadi nayo imepungua, mvua inashusha udongo mpaka mabondeni. Mtu aliyechimba mitaro na kupanda mabingobingo pembeni atavuna kuliko jirani yake, na bado atasikia maneno.

Kwa yule aliyeuliza juu ya mkristo na mbegu: parokia nyingi zinabariki mbegu katika misa kabla ya kupanda, na makanisa ya Kiprotestanti yanapokea malimbuko wakati wa mavuno. Muulize padri au mchungaji wako. Kikapu chako hakitakuwa cha kwanza. Ila usipeleke mbegu yote. Kabla ya siku hiyo weka maharagi 10 ndani ya kitambaa chenye maji, ngoja siku 5, hesabu zilizoota. Zikiwa 5 tu, tafuta mbegu nyingine mapema, kabla bei haijapanda ku Mugogo.

Na kuhusu hasira, wazee wetu hawakukosea kabisa. Mwenye hasira anatupa mbegu nne ndani ya tundu moja ili amalize haraka.