Mbalanga: Baina ya Vitabu vya Fiqhi na Uchunguzi wa Matabibu

 

Katika dua aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.), iliyomo katika Sunan ya Abu Daud na ya Nasai, Mtume (S.A.W.) alijikinga kwa Mola wake na maradhi aliyoyataja kwa majina: mbalanga, wazimu na ukoma, kisha akakusanya maradhi mabaya yaliyosalia. Tumeianza makala yetu na dua hii kwa kuwa ndani yake mbalanga, ambayo Waarabu huiita barasi, na ukoma, ambao huuita judhamu, zimetajwa kila moja peke yake. Ni maradhi mawili. Pamoja na hayo, watu wetu wengi huyachanganya, na hata katika tarjuma za Kiswahili za aya ya 49 ya Sura Aal Imran, inayoeleza miujiza ya Nabii Isa (A.S.), utakuta mmoja ameandika wakoma na mwingine ameandika wenye mbalanga. Neno la Kiarabu lililopo katika aya ni "abras".

Mchanganyiko huu si wa lugha tu. Posa huvunjwa kwa ajili yake. Mke hurudishwa kwao, mtoto hukatazwa kucheza na wenzake, na mwenye alama nyeupe mikononi huachiwa nafasi pana katika safu ya sala kana kwamba atawaambukiza maamuma. Wanaofanya hivyo mara nyingi hudhani kuwa wana dalili ya kisheria, kwa sababu wamesikia kuwa mbalanga imo katika aibu za ndoa. Ni kweli imo. Lakini imo vipi, na kwa sababu gani? Hapo ndipo tunapotaka kusimama na msomaji wetu mtukufu.

Tuanze na wema waliotangulia. Imam Muslim amepokea habari ya Uways al-Qarani, ambaye Mtume (S.A.W.) aliwabainishia Maswahaba ubora wake kabla hawajamwona. Miongoni mwa alama alizozitaja ni kwamba mtu huyo alikuwa na mbalanga, akamwomba Mwenyezi Mungu, ikamwondoka isipokuwa sehemu ndogo kadiri ya dirhamu. Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa akiwauliza watu wanaokuja kutoka Yemen mpaka alipompata, akamwomba amtakie maghufira. Basi mtu ambaye Amirul Muuminina anamwomba dua alijulikana kwa alama ya mbalanga mwilini mwake. Na katika karne ya tatu Hijria, al-Jahiz wa Basra alitunga kitabu kizima juu ya wenye mbalanga, viwete, vipofu na makengeza, akawataja ndani yake watu wa heshima na vyeo waliokuwa na hali hizo.

Tuje kwenye fiqhi. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa hukumu ya Umar (R.A.) kuhusu mwanamume aliyemwoa mwanamke mwenye wazimu, ukoma au mbalanga kisha akamwingilia: mwanamke ana mahari yake kamili, na mume atamdai walii aliyemficha. Tazama hukumu hii ilivyomlinda mwanamke kwanza. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, Imam Nawawi ameyaweka maradhi haya matatu katika Minhaj miongoni mwa aibu zinazompa kila mmoja wa wanandoa hiari ya kuivunja ndoa. Abu Hanifa hakumpa mume hiari hiyo kwa maradhi haya, kwa hoja kuwa tayari ana talaka mkononi mwake. Ibn Hazm naye hakuona dalili ya kuivunja ndoa kwa aibu yoyote katika hizo.

Wanafunzi wengi huishia kwenye matini ya Minhaj, wakaacha sherehe. Al-Khatib al-Shirbini katika Mughni al-Muhtaj anaeleza kuwa mbalanga inayokusudiwa ni weupe mkali unaoondoa damu ya ngozi, na kwamba sharti lake ni kuwa imekwisha thibiti na kukita mizizi. Mwanzo wa ugonjwa hautoshi. Alama yake ni kwamba mahali pale pakiminywa hapageuki pakawa pekundu. Kisha hiari yenyewe ni ya papo hapo, shauri lipelekwe kwa kadhi, na aliyejua aibu kabla ya kufunga ndoa akaridhika hana hiari. Haya ni masharti mazito, na mtu anayemrudisha mke kwa baba yake kwa doa moja shingoni hakuyatimiza hata moja.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni maneno ya Imam Shafi mwenyewe (aliyefariki mwaka 204 Hijria) katika kitabu cha al-Umm. Hakusema tu kuwa mbalanga na ukoma ni aibu akanyamaza. Alitoa sababu tatu. Ya kwanza, maradhi haya mara nyingi humwambukiza mwenza. Na akalinasibisha neno hilo kwa wajuzi wa utabibu na majaribio, kwa ibara inayoonyesha kuwa ni dai lao. Ya pili, nafsi ya mtu haikubali kwa wepesi kukaribiana na mwenye maradhi hayo. Ya tatu, mtoto ni nadra kusalimika, na akisalimika hufika kwa kizazi chake. Amana iliyoje ya elimu! Faqihi mkubwa kiasi hicho, lilipofika jambo la mwili, alilirejesha kwa wenye fani yake, wala hakulivisha joho la wahyi. Basi ni haki yetu nasi kuuliza: wajuzi hao wa utabibu na majaribio wamefikia wapi tangu wakati wake?

Matabibu wa Kiislamu waliifuatia mbalanga kwa macho makali. Waliamini kuwa asili yake ni balghamu iliyozidi mwilini, na katika hilo hawakusibu. Lakini walipoacha nadharia wakamtazama mgonjwa, waliona mengi ya kweli. Waliipambanua na bahaki, ambayo ni weupe wa juu juu wa ngozi. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 Hijria, 1037) katika al-Qanun anataja kuwa katika mbalanga nywele zinazoota juu ya doa nazo huwa nyeupe. Leo daktari wa ngozi anapochunguza doa hutazama jambo hilohilo, kwa kuwa mashina ya nywele ndiyo ghala la seli zinazotengeneza rangi. Nywele zikiwa bado nyeusi, kuna matumaini kuwa rangi itarudi kutoka humo. Zikishakuwa nyeupe, tiba huwa ngumu.

Aliyefika mbali kuliko wote katika tiba ni Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusia, aliyekuwa mkuu wa wajuzi wa mitishamba huko Misri na akafariki Damascus mwaka 646 Hijria (1248). Katika kitabu chake cha dawa na vyakula, kilichokusanya dawa zaidi ya 1,400, ameandika juu ya mmea uitwao atrilali. Jina hilo ni la Kiberiberi na maana yake ni mguu wa ndege. Anasimulia kuwa manufaa yake yalijulikana kwanza kwa kabila moja la Waberiberi upande wa Bijaya, mji ulioko leo katika Algeria. Watu wenye mbalanga walikuwa wakiwaendea kutibiwa, nao waliificha siri ya mmea huo na kuirithishana wao kwa wao, mpaka ikatoka. Mgonjwa hupewa mbegu zake zilizosagwa, kisha hukalishwa kwenye jua kali na madoa yake yakiwa wazi. Madoa hutoka malengelenge, yakipona ngozi hurudi na rangi yake. Ibn al-Baytar hakutosheka na kusimulia. Aliijaribu mwenyewe akaona athari yake. Akaongeza kuwa mbalanga iliyo mahali penye nyama hutibika kwa wepesi kuliko iliyo mahali pasipo nyama. Mpaka leo matabibu wanajua kuwa uso na kiwiliwili huitika tiba, na viganja, vidole na nyayo huwa vizito.

Karne saba zilipita. Mmea huo huota wenyewe katika mashamba ya Misri, na waganga wa kienyeji waliendelea kuuza unga wake. Katika miaka ya 1940 wanakemia wa Kimisri, Fahmy na Abu-Shady, waliutoa ndani ya mbegu zake ule uto wenye nguvu, na Dk. Abdel Monem El Mofty, mwalimu wa maradhi ya ngozi jijini Cairo, akaanza kuwapa wagonjwa wake wa mbalanga dawa iliyosafishwa na kupimwa, kisha akawaweka juani kwa muda maalumu. Alitangaza matokeo yake mwaka 1948. Sasa ilieleweka kwa nini jua lilikuwa sharti: dawa peke yake haifanyi kazi, bali huifanya ngozi iitikie mionzi ya urujuanimno.

Kutoka Cairo elimu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, akina Parrish na Fitzpatrick, waliitumia dawa hiyohiyo pamoja na taa maalumu kutibu soriasisi, ugonjwa sugu wa magamba ya ngozi ambao huwashika baadhi ya wagonjwa mpaka viungoni, na wengi waliokuwa wamekata tamaa wakasafika ngozi. Hapa ipo ibra ya kielimu ambayo wauza dawa wa vichochoroni hawaipendi. Watafiti hawakuridhika na kupona. Waliendelea kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,300, na mwaka 1979 wakatangaza kuwa tiba hiyo inazidisha aina fulani ya saratani ya ngozi. Ndipo ikatafutwa njia nyepesi zaidi. Mwaka 1997 madaktari wa Amsterdam walionyesha kuwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 311 pekee, bila dawa ya kumeza, hurudisha rangi kwa wenye mbalanga, na hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya tiba ya zamani katika hospitali nyingi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib, dawa ya kwanza kuidhinishwa huko mahsusi kwa kurudisha rangi ya ngozi ya mwenye mbalanga. Kwa hiyo asitokee mtu akasoma makala hii akaenda kutafuta mbegu za atrilali na kukaa nazo juani. Zinaunguza vibaya.

Na asili ya ugonjwa ni nini? Imebainika kuwa askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea wakaziua seli zinazotengeneza rangi. Ndiyo maana mwenye mbalanga huweza pia kupatwa na maradhi mengine ya namna hiyo, hasa ya tezi ya shingo, na baadhi ya watu kisukari kinachoanza utotoni au upungufu wa damu unaotokana na kukosa vitamini B12. Kumpima mgonjwa tezi ni jambo la manufaa kuliko kumnong'ona. Hakuna kijidudu ndani ya mbalanga, basi hakuna cha kuambukiza. Ama ukoma, huo una kijidudu, alichokigundua Hansen huko Norway mwaka 1873, lakini huambukiza kwa uzito na kwa kukaa pamoja muda mrefu. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa unaouponya, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa akishaanza dawa, haupiti muda mrefu ila huwa haambukizi tena.

Turudi kwenye sababu tatu za Imam Shafi. Kuambukiza, kwa upande wa mbalanga, kumeondoka kwa ushahidi wa walewale aliowategemea yeye. Ama mtoto, ni kweli kuwa ugonjwa una asili katika nasaba, na Ibn Sina aliuhesabu katika maradhi ya kurithiwa. Lakini imeonekana kuwa hata kwa pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiwa nayo, mwenzake huipata katika jozi 23 hivi kwa kila 100. Huwezi kusema tena kuwa mtoto ni nadra kusalimika. Inabaki sababu ya pili, ya nafsi kukirihika. Hiyo ni ya kweli kwa baadhi ya watu, wala hatuna uwezo wa kuifuta hiari iliyothibiti katika madhehebu kwa makala ya gazeti. Ila tunaona kuwa karaha nyingi iliyopo mitaani imezaliwa na hofu ya kuambukizwa, na hofu hiyo imamu anaweza kuiondoa kwa khutba moja.

Na kwa kadhi liko jambo la karibu zaidi. Kwa kuwa hiari haithibiti mpaka mbalanga ikite mizizi, kwanza itajulikanaje kuwa doa hili ni mbalanga na si fangasi, au mabaka ya kawaida ya watoto? Mafakihi walirejea kwa wenye ujuzi, na mwenye ujuzi leo ni daktari wa ngozi mwenye taa yake ya uchunguzi. Pili, tiba ya mwanga huhitaji mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Mume au mke akingoja matokeo, je, hajapoteza hiari yake ambayo ni ya papo hapo? Tunavyoona sisi, hajaipoteza, kwani papo hapo huanza kuhesabiwa pale aibu inapothibiti kwa masharti yake, na ugonjwa ambao daktari bado anatarajia kupona kwake haujafika huko. Anayemsubiri mwenzake atibiwe hajaacha haki yoyote, na mahari ya mke aliyekwisha ingiliwa iko palepale Umar (R.A.) alipoiweka. Wallahu aalam.