Kahawa ya Mgeni

Huku kwetu Songambele, wilayani Kyerwa, mgeni haulizwi shida iliyomleta kabla hajapewa kahawa, na siyo ya kikombeni. Anapewa punje kavu, nyeusi, ikiwa bado na ganda lake, aitie mdomoni na kuitafuna. Sisi Wanyambo, kama majirani zetu Wahaya, tunaiita akamwani. Vijana waliokulia mjini huiona ushamba. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi. Kahawa inanipitia mikononi gunia kwa gunia, na ninachoshika ni hiki: katika nchi hii kahawa ilianza kwa kumfurahisha mtu, bei ya kilo ikaja baadaye.

Kuitengeneza ni kazi ya subira. Punje huchumwa zikiwa zimekomaa lakini hazijawa nyekundu. Huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, na kila mama ana majani yake anayoyaamini, kisha huanikwa juani; wengine huziweka juu ya meko zipate moshi. Bibi yangu alizihifadhi kwenye kikapu kidogo cha kusukwa chenye kifuniko. Mgeni akishaketi, bibi alipiga goti akamsogezea kikapu kwa mikono miwili. Ukiing'ata punje, ganda hupasuka na uchungu hujaa mdomoni. Halafu harufu ya yale majani hupanda puani, ulimi ukatekenyeka, na mazungumzo yakaanza. Hii ni robusta, ambayo kafeini yake inakaribia maradufu ya ile ya arabika, kwa hiyo aliyetembea kutwa nzima hupata nguvu ya kukaa macho na kutoa habari za alikotoka.

Punje hiyohiyo ilibeba mambo mazito zaidi. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walifunga omukago: walichanjwa tumboni, karibu na kitovu, zikachukuliwa mbegu mbili zilizolala ndani ya tunda moja, zikapakwa damu, na kila mmoja akameza yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo kumdhulumu mwenzako kulikuwa sawa na kumdhulumu mtoto wa mama yako.

Ukarimu wa nchi hii ulijulikana mbali. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012 tu. Zamani wilaya hizi mbili zilikuwa himaya moja ya watawala wa ukoo wa Wahinda, na ikulu yao ilikuwa Bweranyange. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa na kituo chake Kafuro. Wavumbuzi wa Kizungu, Speke na Grant, walipofika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika mwezi Novemba 1861, walipokewa kwa pombe na tumbaku ya ikulu. Grant, aliyekuwa na kidonda mguuni, aliachwa hapo akauguzwa miezi kadhaa baada ya mwenzake kuendelea na safari ya Buganda.

Enzi hizo mkahawa haukuwa mti wa kila mtu kujipandia atakavyo. Watawala wa Buhaya, nchi ya majirani zetu Wahaya, waliusimamia, kwa sababu kahawa ilikuwa heshima na ilikuwa pia mali ya kubadilishana na majirani. Mambo yaligeuka Wajerumani walipoweka boma Bukoba mwaka 1890, na zaidi reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901. Meli zikaanza kuvusha magunia Ziwa Viktoria, kodi ikadaiwa kwa fedha, na mkulima akahimizwa kupanda. Waingereza nao wakaja na kanuni za namna ya kutunza mikahawa, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba wakazipinga hadi ghasia zikazuka. Mwaka 1950 walipata chama chao kikuu cha ushirika.

Tangu hapo habari za kahawa zimekuwa habari za bei. Huku mpakani tunaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali maua kwa sababu mtoto anadaiwa ada, na tunayajua magendo ya kwenda Uganda usiku. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika, na ndipo foleni kwenye mizani yangu ilipokuwa ndefu. Nimeona mkulima anapakua hadi gunia la mwisho, na nikimtembelea jioni nyumbani kwake, hana hata punje ya kunikaribisha.

Bei nzuri naipenda, maana ndiyo inayosomesha watoto wetu. Lakini nyumba yenye mikahawa shambani na kikapu kitupu sebuleni imeuza na kisichouzwa. Kwa hiyo wakulima wenzangu, msimu huu, kabla gunia halijashonwa mdomo, tengeni kibaba kimoja cha mgeni.