Swali Nililochelewa Kuuliza
Kukoma hedhi ni jambo la kale kama wanawake wenyewe, ila jina lake katika lugha nyingi za Ulaya lilitolewa na tabibu Mfaransa, Charles de Gardanne, mwaka 1821. Mwaka 1966 Robert Wilson wa Marekani alidai kitabuni kwamba ni ugonjwa unaotibika kwa homoni. Mwaka 2002 jaribio kubwa la mchanganyiko wa homoni mbili likasimamishwa hukohuko Marekani, kwa kuwa madhara yalizidi faida.

Mwaka huohuo mke wangu aliamka usiku ametota jasho. Nikamnunulia dawa ya malaria. “Si homa, Baba Watoto, ni utu uzima,” akasema. Nilifundisha walimu miaka mingi, lakini nyumbani kwangu sikuwa nimeuliza swali hata moja.