Barafu Haitembei (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Dotto yuko likizo kwao Mwamapalala. Pacha wake Kulwa, mpagazi wa Kilimanjaro, anapanda na kikosi cha chuo cha Dotto kwenda kubadilisha betri za vipimio vitano vilivyofungwa kwenye ukuta wa barafu ndani ya kreta ya Kibo. Saa mbili usiku simu ya Dotto inalia: kipimio cha 3 kimetikisika.

SASA ENDELEA...

"Kimetikisika maana yake nini?" Guku, babu yao, aliuliza, akitafuna michembe kwa upande uliobaki na meno.

Dotto alikuwa ameshapanda kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee pale nyumbani ambapo mtandao haukuhitaji kubembelezwa. Akainua simu. Mwinamo: nyuzi 2. Asubuhi ulikuwa sifuri.

"Barafu imesogea, Guku."

"Si ulisema haitembei?"

Ni kweli Dotto alisema. Juzi, wakishindilia pamba kwenye magunia, alimsimulia mzee jinsi watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walivyokwenda Norway mwaka 2003, wakatoboa barafu ya Briksdalsbreen kwa maji ya moto, wakatumbukiza humo vipimio visivyo na waya, mfano wa mawe ya mtoni. Barafu ikavisukuma na kuviviringisha kama inavyofanya mawe yenyewe, navyo vikawa vinapeleka habari juu kwa redio. Chini ya barafu ile kuna maji na matope, kwa hiyo huteleza.

Kibo ni habari nyingine. Barafu ya kileleni imekaa tambarare, baridi imeigandisha na mwamba wake. Haiendi popote. Jua linaila juu na ubavuni mpaka inabaki kuta wima, kisha kuta zinamomonyoka. Wamarekani waliosimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000 hawakwenda kufuata mwendo; walitaka kujua inavyopungua kimo. Mwaka 1912 barafu ya mlima mzima ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika 2.

"Basi inafia iliposimama," Guku alisema siku ile. "Kama ng'ombe wa kiangazi."

Ndiyo maana nyuzi 2 zilimkausha Dotto koo. Ukuta usiotembea ukiinama, unaanguka. Na Kulwa alipangiwa kulala chini yake.

Simu ikalia tena. Kipimio kikishatikiswa hakingoji zamu. Hutuma kila dakika. Nyuzi 9. Nyuzi 40. Dotto akafumba macho, akisubiri kimya cha chombo kilichofukiwa. Badala yake ikaja 15. Halafu 52. Halafu 20.

Ukuta ulioanguka hauinuki tena.

"Kimeharibika," alisema, akijipa moyo.

"Vipimio vyote ndivyo vilivyo," Guku alijibu. Tangu mizani ya pamba ilipomlia gunia zima msimu mmoja, mzee huyu haamini kitu chochote chenye mshale au namba. "Kinasema nini kingine?"

"Joto. Kilikuwa hasi 7. Sasa..." Dotto alisogeza simu karibu na uso. "Hasi 2. Hapana. 11."

"Soma tena."

"19. Guku, 26! Usiku huu, kule juu! Hata mchana haifiki hapo."

Guku aliacha kutafuna. Alikunja shuka lake kifuani taratibu, akaweka mkono ndani, kama anayeficha kitu. "Nikiwa kijana nachunga, kondoo akizalia porini usiku, mtoto nilimbeba hivi. Alikuwa baridi kama jiwe. Tukifika nyumbani amepata moto." Akautoa mkono. "Ng'wanawane, hicho kitu kiko kifuani mwa mtu. Na mtu huyo anatembea."

Dotto aliteremka kichuguu nusu akianguka, akakumbuka mtandao, akapanda tena. Nguvu ya mawimbi kutoka kipimio cha 3 ilikuwa inashuka kila dakika: kilikuwa kinaachana na kisanduku mama kinachopokea habari za vipimio. Akapiga namba ya Kulwa. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mara ya tano ikaita.

"We Dotto, watu tumelala!"

"Uko wapi?"

"Horombo. Tunakaa siku moja zaidi, kuna mgeni anaumwa kichwa. Kwa nini?"

Horombo, mita 3,720. Kreta ilikuwa karibu mita 2,000 juu yake. Dotto alishusha pumzi, kisha pumzi ikakwama njiani.

"Kulwa, nani yuko juu?"

"Si yule mtu wako."

"Mtu wangu nani?"

"Aliyetupita jana asubuhi akielekea Kibo. Alikuwa na barua ya chuo, chini jina lako na sahihi yako. Anasema umemtuma atangulie kukagua vipimio. Hata jina la Guku analijua." Kulwa alinyamaza kidogo. "Dotto? Si wewe uliyemtuma?"

Kabla hajajibu, simu ilitetemeka sikioni. Akaitazama.

Kipimio cha 4 kimetikisika.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO