Koseti ya mkonge: tulichojifunza kwa kushona vazi la miaka ya 1880 Kilosa

"Mwanangu, hii ni nguo au ni ngoma?"

Ndilo swali la kwanza la mama fundi, barazani kwake Kilosa, nilipomtandazia vipande kumi na viwili vya karatasi juu ya meza ya cherehani. Nikamwambia ni koseti, vazi la kubana kiuno walilovaa wanawake wa Ulaya na Marekani karne ya 19, matajiri kwa maskini. Ramani nilikuwa nimeinakili kutoka kitabu cha Norah Waugh cha 1954. Huyu mama alichora koseti za kale zilizosalia, kipande kwa kipande, ili mtu aweze kuzikuza kwa vipimo halisi na kuzishona upya.

Kwa nini Kilosa? Kwa sababu miaka hiyohiyo ya 1880 Waingereza wa kwanza wa kike walikuwa wakipita nchi hii ya Usagara kwenda bara. Mmoja wao, Annie Hore, mke wa mmisionari, alibebwa na wapagazi kwenye kiti mpaka Ziwa Tanganyika, kisha akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo mwaka 1886. Wanawake wa tabaka lake walizoea koseti tangu usichana. Na mizigo ya misafara ilijaa kitambaa ambacho hadi leo unakipata dukani: marekani.

Marekani ni pamba nyeupe isiyopaushwa. Iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani. Huku bara ilikuwa pesa. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na kwa doti ulinunua chakula au ulilipa hongo kwa mtemi ili upite. Sasa fikiria: ukikata pesa hiyo vipande kumi na viwili vilivyopindapinda, nani atakupa mtama?

Tulinunua marekani mita nne, tukakata. Hapo nikakosea. Ili kubana matumizi nilikilaza kipande kimoja mshazari. Kitambaa ni nyuzi za mtande zilizopishana na nyuzi za mshindio. Ukivuta kufuata uzi, hakisogei. Ukivuta mshazari, vile vimraba vidogo vinalala na kitambaa kinarefuka. Tulipofunga kamba, upande wangu wa kushoto ulijinyonga kama mua uliokamuliwa. Mama fundi alicheka, akafumua, akakata upya. Somo la fizikia limekwisha.

Baada ya hapo, mifupa. Koseti nzuri za zamani zilitiwa kile kilichoitwa mfupa wa nyangumi, ingawa si mfupa: ni vibamba vya kinywani mwa nyangumi, vya asili ileile ya kucha zako. Baadaye chuma kikachukua nafasi. Sisi hatuna nyangumi Kilosa, tuna mkonge. Koseti nyingine za karne ile zilikazwa kwa kamba zilizoshonwa kati ya tabaka mbili za kitambaa, basi tukajaza mifereji kwa kamba za mkonge. (Najua, huo ni uhuni wa kihistoria. Mkonge uliletwa hapa na Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu moja ilisalia 62.) Tuliongeza vile vifungio vya plastiki vya mafundi umeme, nilivyonunua Mikumi, pale barabarani. Mkonge ulishika vizuri kuliko nilivyotegemea, ila ukilowa jasho unalegea.

Nikavaa. Nilitegemea kuzimia, maana ndivyo tunavyoambiwa. Nilitembea mpaka stesheni na kurudi. Kuinama ilinibidi nikunje magoti, kupumua kulihamia kifuani, lakini sikuzimia. Na nikagundua jambo ambalo picha za makumbusho hazisemi: kamba za mgongoni hazikukutana. Ulibaki mwanya wa vidole vinne. Kumbe wengi walivaa hivyohivyo, mwanya ukiwa wazi. Ukipima koseti tupu ikiwa imefungwa kabisa unapata kiuno cha nyigu, halafu unaandika kwamba wanawake wote wale walikuwa na viuno vya nyigu. Wapo waliojibana kupita kiasi, ndiyo, lakini kipimo hicho si ushahidi wao.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili. Koseti inaweza kuhojiwa hivi kwa sababu ilikatwa, ikashonwa, ikatunzwa sandukuni. Mpagazi aliyebeba kile kiti alijifunga shuka. Shuka haina mshono wala kipimo cha mwili: ilivaliwa, ikalaliwa, ikabebea mtoto, ikabadilishwa kwa chakula, ikachakaa. Nimeweza kukisia pumzi ya bibi aliyebebwa. Bega lililombeba sina ramani ya kulishonea.

Tulipomaliza, mezani palikuwa na vikorokoro vya vitambaa visivyofaa hata kiraka, na kipande kimoja kizima, kama mikono minne. Nikauliza ujira. Mama fundi akataja bei, kisha akakikunja kile kipande kizima na kukiweka chini ya cherehani.

"Na hiki," akasema, "nabaki nacho mimi."